Muhuri wa Kiazi Kitamu

Kila Mwelwa Lombe alipotoka mpakani, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumpokea pale kwenye geti la mama yake, na nilimpokea kiserikali. Nilikuwa na kiti, nilikuwa na kofia, nilikuwa na muhuri. Muhuri niliuchonga mwenyewe kwenye kiazi kitamu: mviringo, na ndani ya mviringo nyani amekaa kitako, mkia umejikunja hadi begani. Mimi nikichonga, nimechonga. Wino ulikuwa masizi ya jiko na tone la mafuta ya kupikia.

"Pasipoti," namwambia.

"Nipishe, Zakeyo. Nimekaa juu ya magunia ya vitunguu toka Nakonde."

"Unatoka nchi gani, mama?"

"Toka hapo, mla panya."

"Nchi hiyo siijui. Lete mkono."

Basi anatua mzigo, ananipa mkono, huku anautukana ukoo wangu kuanzia babu wa babu. Namgonga. Nyani anatokea mweusi tii nyuma ya kiganja. Wapita njia wanacheka, watoto nao wanataka wagongwe. Halafu ndani ya nyumba inatoka sauti ya mama yake, Bibi Namukonda, ambaye macho yake yalishafunga duka zamani.

"Mngoni, umempa siku ngapi?"

"Thelathini, bibi. Na asifanye kazi."

"Mwambie aanze na kisamvu, hakijatwangwa."

Mimi ni Mngoni, wao ni Wabemba. Kwa hiyo ni watani, na nyie utani mnaujua, sina haja ya kuwachosha. Zamani babu zetu walipigana. Sisi tulishinda. Mwelwa atawaambia wao ndio walioshinda, lakini msimsikilize, mtu anayekula nyani anajua nini kuhusu vita. Baba yangu alikuja Mpika na greda la barabara kutoka Chipata, akaliegesha, akaonja ugali wa ulezi wa huku, hakurudi tena. Mimi nimezaliwa hapa, nimeota meno hapa, na shule nimeiacha hapa hapa, darasa la nne, kwa sababu mwalimu alikuwa ameanza kurudia mambo niliyokwisha kuyajua. Natengeneza majiko ya mkaa kwa mabati ya mapipa. Ukila Mpika chakula kilichoiva sawasawa, uliza kimepikiwa jiko la nani.

Sasa Mwelwa. Alipokuwa msichana alikuja Mnorwei mmoja kuchimba visima, jitu refu, jina lake Arne, pua imeiva kwa jua kama nyanya. Alikuja kutafuta maji akampata Mwelwa. Mimi kama mtani nilisimama mlangoni siku ya posa nikasema bibi harusi hatoki mpaka nilipwe, na Arne, ambaye hakuelewa hata neno moja, akavua kofia yake ngumu ya kazini, ya njano, akanivika. Ndiyo hiyo kofia ya serikali niliyowaambia. Watu walisema nimeonewa, kofia kwa msichana mzima. Mimi nasema bei ilikuwa kubwa mno, ila kwa heshima ya mgeni nilinyamaza.

Wakaenda kwao. Mwelwa akafanya kazi kiwanda cha samaki, anakata vichwa, anapanga kwenye barafu, na akitoka kazini anakuta barafu nyingine nje inamsubiri. Akazaa watoto wawili wenye majina yanayouma ulimi. Baada ya miaka wale wazungu wakamwambia, mama, ukitaka kuwa mmoja wetu, rudisha pasipoti ya kwenu. Akairudisha. Ungefanya nini, una mume, una watoto, kila safari unapanga foleni ya wageni peke yako wakati familia yako imeshapita na mizigo. Siku hiyo hiyo aliyopokea ile nyekundu, sheria ya huku kwetu nayo ikamfuta. Hakuna aliyepiga kengele. Mtu amelala Mbemba, ameamka Mnorwei, na kipilipili chake kile kile kichwani.

Arne akafa. Watoto wakakua, wakaoa huko. Bibi Namukonda akawa haoni, na dada yake Mwelwa aliyekuwa akimtunza akatangulia mbele ya haki. Mwelwa akafunga virago akarudi. Pale uwanja wa ndege Lusaka, kijana wa uhamiaji, mpole, umri wa mjukuu wake, akamwuliza madhumuni ya ziara. Mwelwa akamjibu kwa Kibemba: "Nimekuja kumwogesha mama yangu." Kijana akaandika: matembezi.

Mgeni hupewa siku zake. Zikiisha anakwenda kuomba nyingine, au anavuka mpaka anarudi. Mwelwa alikuwa akipanda lori la vitunguu mpaka Nakonde, anavuka Tunduma, anakunywa chai kwa mama mmoja wa Kinyakyusa, ananunua kitenge ili safari isiwe ya bure, anarudi kama mgeni mpya. Na usiku anaolala huko hapati usingizi, anawaza: mama akifa leo, atafungwa macho na nani? Bibi mwenyewe alishasema wazi, mbele yangu, kwamba hataki kufungwa macho na jirani. "Majirani wana mikono ya kitunguu," alisema. Jirani wa karibu ni mke wangu, kwa hiyo mnaona.

Safari ya mwisho alirudi na uso mdogo. Nikamwambia pasipoti, hakunitukana. Hapo nikajua kuna jambo.

"Siku za mgeni kwa mwaka huu zinaisha," akasema. "Zikiisha hizi, natakiwa niondoke mpaka mwaka ujao. Hakuna cha kuvuka na kurudi tena."

"Na ile barua yako ya kuomba uraia?"

"Wameniita. Bodi inakuja Chinsali wiki ijayo. Ikinipita hii, nyingine ni baada ya mavuno."

Maana sheria ilishabadilika. Siku hizi mtu aliyezaliwa hapa akapotea na pasipoti ya wenyewe anaweza kuomba arudishiwe uraia wake, na hata wale wa Norwei hawamnyang'anyi tena wa kwao. Ila lazima uthibitishe ulizaliwa hapa, na Bibi Namukonda alijifungulia jikoni kwake, mkunga shangazi, cheti hakuna. Kwa hiyo walitaka mashahidi wawili wazee wa mahali pale, wasiokuwa ndugu wa damu, waje waape. Wazee wa rika letu Mpika, ukitoa waliolala makaburini na waliolala baa, tulibaki wawili. Mimi, na Mzee Chisanga, katekista mstaafu, mtu mwema mpaka anachosha.

Kuna jambo moja lazima mlijue kabla hatujafika Chinsali. Mwaka uliopita Bibi Namukonda alishikwa na kikohozi kibaya. Nikaingia kumwona, nikamkuta amekuwa mdogo kama mtoto kwenye blanketi, na sijui niliingiwa na nini, nikasema, "Bibi, wewe ni mwanamke hodari, umelea watu vizuri." Kisha akapapasa fimbo yake, akaniwasha nayo goti.

"Umeona nini usoni kwangu?"

"Sijaona kitu, bibi."

"Mtani akikusifu, ujue jeneza limeshapimwa. Nitukane upesi."

Nikamtukana. Nilimtukana yeye, na nyani zake, na shangazi zake waliokimbia vita wakasahau chungu motoni, mpaka kikohozi kikalegea akaomba uji. Dawa za hospitali nazo zilisaidia kidogo, sikatai.

Asubuhi ya safari tulimwachia mke wangu mikoba ya kumwangalia. Bibi alinishika shati.

"Mngoni. Usiende ukamsifu mwanangu huko."

"Mimi? Kwa lipi alilonalo?"

"Haya. Nenda."

Tulikwenda na gari la mpwa wake Mwelwa, lile la kubebea maharage, yeye na katekista mbele, mimi nyuma na upepo wangu. Tulipofika, Mwelwa alinivuta pembeni chini ya ukuta wa halmashauri. Alikuwa amevaa gauni la kitenge cha Tunduma na viatu vya Norwei, mtu wa nchi mbili kuanzia juu hadi chini.

"Zakeyo, nakuomba. Leo tu. Sema unanijua, sema mimi ni mtu mwema, kaa chini."

"Nimekusikia."

"Sema vizuri."

"Mimi siku zote nasema vizuri. Muulize mtu yeyote."

"Ndiyo ninachokiogopa," akasema.

Ndani kulikuwa na meza yenye kitambaa cha kijani. Nyuma ya meza mwenyekiti, Bwana Liswaniso, Mlozi wa Mongu, suti nzito kwenye joto lile, anaongea polepole kama mtu anayevusha mayai mtoni. Pembeni yake Bi Nyirongo, mwandishi, miwani inaning'inia kwenye mnyororo shingoni. Mlangoni alikaa dereva wao, Mtonga, anaitwa Hamusonde, anamenya karanga anatia maganda mfukoni. Watu wa heshima. Walitusalimia sawasawa, wakatupa maji.

Aliitwa kwanza Mzee Chisanga. Akaapa vizuri sana, maana Biblia ni rafiki yake.

"Unamfahamu mwombaji?" mwenyekiti akamwuliza.

"Namfahamu. Ni mtu mwema, mcha Mungu, hana makuu."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Alizaliwa wapi?"

"Katika familia njema."

"Mama yake ni nani?"

"Mama mwema sana. Watu wote wanamsifu."

Bi Nyirongo aliandika mstari mmoja, akasubiri, akaweka kalamu chini. Mwenyekiti akamshukuru. Mzee Chisanga akarudi kukaa, amefurahi, anafuta jasho, anamtazama Mwelwa kama mtu aliyekuletea zawadi.

Nikaitwa mimi. Nikaweka kofia yangu ya njano juu ya meza, nikaapa.

"Mzee Shawa, unamfahamu huyu mama?"

"Simfahamu."

Mwelwa alifumba macho.

"Humfahamu?"

"Namjua tu kama mwizi, mheshimiwa."

Hamusonde aliacha kumenya karanga. Mwenyekiti akajiinamia kidogo. "Mzee, uko kwenye kiapo."

"Ndiyo maana nasema mwizi. Tungekuwa nje ningesema jambazi."

"Ameiba nini?"

Sasa mtu akiniuliza swali mimi namjibu. Nikamwambia aliiba viwavi wa kitoweo wa mama yangu walioanikwa kwenye mkeka nyuma ya soko la zamani, wale wakubwa wa mti wa mutondo, akawatia kwenye sidiria ya dada yake kwa sababu yeye alikuwa bado hana cha kuvalia sidiria. Mmoja alikuwa hajafa vizuri. Mtaa wote ulisikia. Nikamwambia huyu mama amekuwa hasara kwa Wangoni tangu siku ya kwanza, maana usiku anazaliwa upepo ulilichukua bati la jiko la mama yake, na baba yangu, dereva wa greda, mtu mzima mwenye cheo, alipandishwa juu ya paa akalale kifudifudi kuzuia mabati yaliyobaki mpaka mtoto atoke. Mvua yote iliishia mgongoni kwake.

"Mngoni mzima," nikasema, "anatumiwa kama tofali. Mpaka leo hatujalipwa."

"Haya umeyajuaje, na wewe ulikuwa mtoto?"

"Baba aliyasimulia kila mvua iliponyesha, mheshimiwa. Na Mpika mvua inanyesha."

Kalamu ya Bi Nyirongo ilikuwa inakimbia. Nikaona ninapendwa, nikaendelea. Nikasema jina lenyewe la Mwelwa ni la babu yake mzaa mama, mpiga ngoma mbaya kuliko wote waliowahi kushika ngozi, aliyefukuzwa kwenye harusi tatu na kwenye msiba mmoja. Nikasema ana kovu chini ya goti la kushoto, aliangukia wigo wa misheni akiiba mapera ya padri.

"Na wewe ulikuwa wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Chini ya mti. Nalinda."

"Kwa hiyo na wewe ulikuwa unaiba."

"Mimi nilikuwa nalinda, mheshimiwa. Ni kazi tofauti."

Hapo Mwelwa akasimama. Yule mama aliyekuja na hotuba ya Kiingereza imekunjwa kwenye mkoba, imeandikwa vizuri na mwanawe wa Norwei, aliitupa ile hotuba akashuka kwa Kibemba cha nyuma ya soko.

"Mwongo huyu," akasema. "Mlinzi gani. Aliyempigia padri filimbi ni yeye, kwa sababu nilikataa kumgawia. Na alipokimbia kaptula ilikuwa imechanika, matako yote nje, padri akadhani mbuzi wake ametoroka akamfuata akimwita kwa jina la mbuzi. Na yeye akaitika."

"Sikuitika."

"Uliitika, Zakeyo. Mtoto wa panya wewe, uliitika."

Mzee Chisanga alikuwa anaomba kimya kimya. Hamusonde pale mlangoni alikuwa amejiziba mdomo kwa kofia. Mwenyekiti akapiga meza kwa kiganja, mara moja, na chumba kikatulia.

"Sikilizeni," akasema. "Hata mimi ninao watani. Huyo hapo mlangoni ni Mtonga na ananiendesha kila siku, najua ninachokisema. Lakini hapa ni kiapo. Utani unaachwa nje pamoja na kofia."

"Kofia inavulika, mheshimiwa," nikasema.

Hakucheka. Akanielezea taratibu, kama baba, na kusema kweli hakuwa na kosa. Sheria inataka shahidi aseme mwombaji ni mtu wa tabia njema. Yeye hawezi kuandika mwizi wa viwavi. Hawezi kuandika mjukuu wa mpiga ngoma mbaya.

"Nataka neno moja tu, mzee. Kwamba ni mtu mwema. Sema, tuandike, tumalize."

Wote wakanitazama. Mwelwa naye akanitazama, na uso wake ulikuwa ule aliorudi nao toka Nakonde. Neno moja. Katekista alikuwa ameyamwaga kama mahindi. Lakini mimi nilikuwa naliona blanketi la Bibi Namukonda, na nilihisi goti linawasha pale fimbo ilipopita.

"Siwezi," nikasema.

"Kwa nini?"

"Mama yake yuko hai."

Mwenyekiti akashusha pumzi. "Basi sina namna. Itabidi niandike shahidi amekataa kumshuhudia, na ombi lisubiri kikao kijacho, mlete shahidi mwingine."

Kikao kijacho, baada ya mavuno. Siku za Mwelwa zilikuwa zimebaki za kuhesabia vidole. Mzee Chisanga alinivuta suruali kwa nyuma akaninong'oneza, "Sema tu, Zakeyo, Mungu atakusamehe." Nikaona basi. Nikaona Bibi atanipiga, atanilaani, lakini angalau atapigwa mswaki na kufungwa macho na mtoto wake mwenyewe. Nikafungua mdomo. Wallahi lile neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Huyu mama," nikaanza, "ni mtu..."

"Nyamaza," Mwelwa akasema.

Nikanyamaza. Siyo kawaida yangu.

"Mheshimiwa, asiseme," akamwambia mwenyekiti. "Andika amekataa. Nitaondoka, nitarudi tena mwaka ujao, Mungu akipenda nitamkuta mama."

"Mama, anataka kukusaidia."

"Najua. Lakini ngoja nikuambie. Norwei nimekaa miaka mingi, na watu wa kule walinisifu. Nikikata samaki, umefanya vizuri, Mwelwa. Nikitaja jina la mtaa wao, unaongea vizuri sana. Nikipeleka mkate kanisani, mkate mzuri. Siku tunamzika mume wangu, mama mmoja alinishika mkono akaniambia nimevumilia vizuri. Watu wazuri, sina ubaya nao hata kidogo. Ila hakuna hata mmoja aliyewahi kuniita mwizi. Nilikaa miaka yote ile nasifiwa, nikirudi nyumbani najua kabisa kwamba mimi ni mgeni, maana mwenyeji nani anamsifu." Akanyoosha mkono. "Huyu mzee kila nikitoka mpakani ananigonga mihuri hii. Mtaa mzima unacheka. Akianza leo kusema mimi ni mtu mwema, basi na Mpika nako nimekuwa wa kuja. Nitabaki na nini?"

Nyani alikuwa bado yupo nyuma ya kiganja, amefifia lakini mkia unaonekana. Masizi ya jiko langu hayatoki kirahisi. Bi Nyirongo akavaa miwani, akaushika ule mkono, akaugeuza kwenye mwanga.

"Hii ni nini?"

"Muhuri wangu," nikasema. "Kiazi kitamu. Ukitaka na wewe nakuchongea."

Mwenyekiti akautazama naye. Hamusonde akasema kule mlangoni, bila kuulizwa, "Hata wewe mzee, siku nikikusifu uendeshaji wako wa mtumbwi, shuka kwenye gari."

"Wewe Mtonga, kula karanga zako."

"Nakula, mzee. Nikiziacha, nyie Walozi watu wa mtoni mtazikimbiza majini."

Bi Nyirongo alicheka mpaka miwani ikadondoka kwenye mnyororo. Halafu akageuza daftari lake kwa mwenyekiti. "Tazama," akamwambia. "Shahidi wa kwanza, mstari mmoja. Huyu wa pili nimejaza kurasa. Mahali pa kuzaliwa, hali ya hewa, bati, jina la babu na kazi yake."

"Kazi aliyoshindwa," nikasahihisha.

"Na kovu," akasema mwenyekiti.

"Na kovu."

Wale wanawake wawili wakaenda nyuma ya mlango. Waliporudi Bi Nyirongo alitikisa kichwa kukubali kwamba lipo, la kushoto, chini ya goti. Mwenyekiti akamwuliza kwa sauti ya chini, lakini mimi masikio yangu ni ya Kingoni: "Na hilo la mbuzi?" Bi Nyirongo akasema hilo halina namna ya kupimwa.

Kisha mzee wa Mongu akachukua kalamu yake mwenyewe na kuandika, huku anasoma anachoandika, polepole, mayai yote yakivuka mto salama: "Shahidi anamfahamu mwombaji tangu utotoni, na hana sababu yoyote ya kumpendelea." Akainua kichwa. "Hamusonde, wewe ni mtu wa mtaani. Mwanamke akivumilia mtani kama huyu maisha yote bila kumvunja mguu, tabia yake utasema ni ipi?"

"Njema, mzee. Imepitiliza."

"Imepitiliza siandiki," mwenyekiti akasema, akaandika njema.

Jibu lilikuja kabla siku zake hazijaisha, akaitwa tena Chinsali kuapa. Mimi sikwenda, nilikuwa na majiko ya watu. Lakini nilijua siku anayorudi, na nilichonga kiazi kipya, kikubwa, nimemwongezea nyani taji ili afanane na raia. Nikavaa kofia, nikabeba kiti, nikashuka hadi getini kwa Bibi.

Nikakuta kuna kiti tayari. Amekaa Bibi Namukonda mwenyewe, amefungwa kitenge kipya, fimbo magotini, na mkononi ameshika kiazi. Nyuma yake Mwelwa amesimama, amerudi mapema kwa lori la asubuhi, bila kupokelewa na mtu.

"Nani huyo?" Bibi akauliza.

"Ni mimi, bibi."

"Mimi siyo nchi. Unatoka wapi?"

"Bibi, natoka pale ng'ambo ya barabara."

"Baba yako?"

"Chipata, lakini..."

"Mgeni," akasema. "Mwelwa, mkamate mkono."

Mwelwa alinikamata. Mikono iliyokata vichwa vya samaki maisha yote siyo ya mchezo, msijaribu. Bibi akapapasa, akapata nyuma ya kiganja, akabonyeza kiazi kwa nguvu zote za uzee wake. Alikuwa panya. Mwelwa ndiye alimchonga, na aibu niliyoiona ni ya kazi mbaya: sikio moja, miguu mitano, panya gani ana umbo la kiatu.

"Siku thelathini," Bibi akasema. "Na usifanye kazi."

"Bibi, mimi nimezaliwa hapa."

"Wote wanasema hivyo. Una shahidi?"

Nikamtazama Mwelwa. Na yeye akanitazama kwa muda, raia wa nchi mbili, kichwa ameinua, yeye ndani ya geti, mimi nje.

"Simfahamu, mama," akasema. "Namjua tu kama mwizi wa mapera."

Tangu hapo kila mwezi napeleka kibuyu cha munkoyo, togwa ya huku, pale getini, niongezewe muda. Wakati mwingine Bibi ananipa wiki mbili tu, anasema nchi imejaa. Mke wangu anasema panya nisimwoshe, ananipendeza. Mwelwa hapandi tena lori la vitunguu. Asubuhi anampeleka mama yake juani, anamwogesha, anamsuka vile vinywele vilivyobaki, na vitenge vya Tunduma siku hizi analetewa na madereva. Na Bibi bado yupo. Watu wanashangaa, wanasema ni chakula cha Norwei anachopikiwa, wanasema ni maombi ya Mzee Chisanga. Waacheni waseme. Mimi kila asubuhi, kabla sijagusa bati, navuka barabara, nasimama nje ya dirisha lake, namtukana mpaka ajibu.